Paneli Haianguki, Inapaa: Bolti, Skrubu na Upepo Juu ya Paa Lako

Ukienda dukani kununua sola, maswali yako yanajulikana. Wati ngapi? Betri ya litiamu au ya maji? Inveta ina dhamana ya miaka mingapi? Muuzaji atakujibu yote, mtavutana kwenye bei, na mwisho mtaelewana. Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza ni hili: hizi paneli zitashikwa na nini kule juu?

Mara nyingi jibu anaachiwa fundi, na fundi naye anaachiwa hela iliyobaki baada ya kila kitu kununuliwa. Ndiyo maana unaweza kukuta paneli mpya kabisa, za kampuni yenye jina, zimefungwa kwa vipande vya chuma cha pembe vilivyobaki kwenye geti, na bolti za kuokoteza. Ukiuliza, unaambiwa: "Usijali, paneli ni nzito, haziendi popote."

Hapo ndipo fizikia inapokataa. Watengenezaji wengi wa paneli hutoa dhamana ya uzalishaji umeme ya miaka 25 au zaidi. Katika miaka hiyo yote, kilichosimama kati ya paneli yako na paa la jirani ni bolti nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Tuione kazi inayofanya, na tuone ni kwa nini bolti nyingi zinashindwa.

Uzito si tatizo, tatizo ni upepo

Chukua kalamu. Paneli ya wati 550 inayouzwa sana siku hizi ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Eneo lake ni kama mita za mraba 2.6, na uzito wake ni kilo 28 hivi. Ukigawa, kila mita ya mraba ya paa inabeba chini ya kilo 11. Fundi mmoja akikanyaga paa hilo wakati wa kuezeka, analielemea zaidi ya hapo. Kwa hiyo paa likiwa zima, uzito wa paneli hausumbui.

Sasa upepo. Shinikizo la upepo linapatikana kwa kanuni rahisi: nusu ya msongamano wa hewa, mara mwendo kasi kwa kipeo cha pili. Hewa ina kilo 1.2 hivi kwa kila mita ya ujazo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, unatoa shinikizo la paskali 540. Zidisha kwa eneo la paneli yako moja na utapata niutoni 1,400 hivi, sawa na uzito wa kilo 142.

Je, nguvu hiyo inaisukuma paneli chini au inaivuta juu? Upepo ukigonga nyumba hauwezi kupita katikati ya ukuta, kwa hiyo unapanda na kuruka juu ya paa. Pale unaporuka, mkondo wa hewa unabanduka kwenye uso wa paa na kuacha nyuma yake eneo lenye shinikizo dogo. Chini ya paneli kuna hewa yenye shinikizo kubwa zaidi. Matokeo yake paneli inanyonywa kwenda juu. Ndicho kinachotokea pia unaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba shule fulani imeezuliwa paa: mabati yalifyonzwa kutoka juu, na mara nyingi yakasukumwa pia na upepo ulioingia kwa madirisha na milango.

Tuseme mvutano huo unalingana na shinikizo lote tulilokokotoa. Toa kilo 28 za uzito wa paneli kwenye zile 142, na bado kuna kilo 114 zinazotaka kuipeleka juu. Hiyo ni paneli iliyokaa katikati ya paa. Kwenye pembe na kingo, hewa hujisokota kuwa vimbunga vidogo, na mvutano unaweza kufika mara mbili ya hapo au kuzidi. Paneli ileile ikiwekwa ukingoni inaweza kuvutwa kwa nguvu ya kilo 256 baada ya kutoa uzito wake.

Angalia pia kile kipeo cha pili. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa hiyo mtu akikwambia "sola yangu ina miaka mitatu na haijatikisika," amekwambia tu kwamba upepo mkali wa eneo lake haujapita katika miaka hiyo mitatu.

Nao hupita. Pwani yetu haipati vimbunga mara kwa mara, lakini si kwamba havijui njia. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1952, Aprili tena, Lindi ikapigwa. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Na bara hahitajiki kimbunga: wingu moja la radi likiporomosha hewa baridi kwa ghafla, linatosha kuezua mtaa mzima kwa dakika kumi.

Mnyororo kutoka kwenye kioo hadi ukutani

Nguvu hiyo ya kupaa lazima ipite mahali hadi ifike kwenye kitu kizito kisichopaa, yaani kuta na msingi wa nyumba. Wahandisi huiita njia ya mzigo. Kwa nyumba ya bati njia yenyewe ni hii: kioo kinashikwa na fremu ya alumini, fremu inabanwa na kibanio, kibanio kimefungwa kwa bolti kwenye reli, reli imefungwa kwenye mguu wenye umbo la herufi L, mguu umeshikwa na skrubu inayopita kwenye bati na kuingia kwenye papi, papi imepigiliwa kwenye kenchi, kenchi imefungwa kwenye ukuta.

Hesabu viungo. Kila kimoja kinapokea nguvu ileile, na kimoja tu kikiachia, vingine vyote vinakuwa mapambo. Basi tukague vile vinavyoachia mara nyingi.

Skrubu inataka mbao, si bati

Kosa linaloonekana sana kwenye mapaa yetu ni skrubu iliyoingia kwenye bati pekee bila kukutana na papi. Kutoka chini inaonekana sawa kabisa. Kwa jicho la fizikia, haijashika kitu.

Bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi. Na kumbuka namba ya geji inakwenda kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 28 ni nene zaidi. Sasa tazama meno ya skrubu ya bati: kutoka jino moja hadi lingine mara nyingi kuna zaidi ya milimita moja. Maana yake bati lote linaingia kati ya meno mawili na nafasi inabaki. Skrubu imeng'ang'ania ukingo mwembamba wa tundu ililojitobolea yenyewe. Upepo ukiitikisa mara elfu kadhaa, tundu linapanuka, na siku moja skrubu inatoka kama jino la mtoto.

Mbao ni habari nyingine. Skrubu nene ya milimita 8 ikizama sentimeta 5 kwenye mbao kavu na nzima ya msonobari, meno yake yote yanabanwa na nyuzi za mbao. Kwa kanuni zinazotumiwa na wahandisi wa mbao, mtu anaweza kuipa mzigo wa kung'olewa wa kama kilo 200 na bado akabaki na akiba ya usalama. Bolti inayofaa hapa ina meno ya mbao upande wa chini na meno ya nati upande wa juu, katikati ikiwa na washa ya mpira ya kuziba tundu. Kabla ya kuiingiza, fundi anatakiwa kutoboa tundu dogo la kuongoza, maana bila tundu hilo papi ya inchi 2 kwa 2 inapasuka kwa urefu wake, na mbao iliyopasuka haishiki.

Sasa tufanye hesabu ya idadi. Una paneli sita kwenye mstari mmoja, ambao ni karibu mita 7. Zimekaa juu ya reli mbili. Fundi makini anaweka mguu kila baada ya mita 1.2 hivi, jumla miguu 14. Kwa upepo wetu wa mita 30 kwa sekunde, katikati ya paa, kila mguu unavutwa kwa kilo 49. Mstari huo ukikaa ukingoni, kila mguu unapata kilo 110. Zote ziko chini ya 200, usiku unalala.

Akija fundi wa kubana matumizi anakwambia miguu sita inatosha. Katikati ya paa, kila mguu sasa unavutwa kwa kilo 114. Ukingoni, unavutwa kwa kilo 256. Umeokoa bei ya miguu minane, na kwa bei hiyo, ukingoni umeanza kuila akiba ya usalama. Reli nayo sasa ina urefu wa mita 3 na zaidi usio na nguzo, kwa hiyo inapinda na kuyumba, na kuyumba huko ndiko kunakolegeza bolti, kama tutakavyoona.

Kuna kiungo kingine ambacho fundi wa sola hakukifunga yeye: ule msumari ulioshikilia papi kwenye kenchi. Msumari laini unastahimili sana ukisukumwa ubavuni, lakini ukivutwa kwa urefu wake unateleza. Msumari wa inchi 4 uliozama sentimeta 5 kwenye mbao ileile haufikii hata robo ya ile skrubu. Paa likiwa na bati tupu, pengine inatosha. Ukishaongeza paneli juu, upepo unaweza usiing'oe paneli kwenye papi, bali ukaondoka na paneli, reli na papi kwa pamoja. Dawa yake si ghali: kabla ya sola kupanda, fundi seremala aingie darini, afunge papi kwenye kenchi kwa vyuma vya kamba au skrubu ndefu, na aangalie kama kenchi yenyewe imefungwa ukutani. Kama dari inafunguka kirahisi, hiyo ni kazi ya nusu siku.

Bolti ni springi

Twende kwenye kibanio kinachoshika fremu ya paneli. Watu wengi hufikiri bolti inafanya kazi kama msumari: imepita, imezuia. Kiukweli bolti inafanya kazi kama springi. Ukiikaza, inavutika kidogo, na kwa sababu inataka kurudi kwenye urefu wake, inavibana kwa nguvu vitu viwili ilivyovipitia. Bolti ya milimita 8 kwenye kibanio inavutika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Hutaiona kwa macho, lakini ikikazwa sawasawa inabana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Msuguano unaotokana na mbano huo ndio unaozuia paneli isiteleze.

Ikilegea kidogo tu, mbano unapungua na vitu vinaanza kuteleza huku na huku. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio jambo lililowashangaza wengi: bolti ikitikiswa kwa ubavu, inajifungua yenyewe. Kila mteleziko mdogo wa pembeni unaondoa kwa muda msuguano kwenye meno, na bolti inazunguka kidogo kuelekea upande wa kufunguka. Mashine ya kupima hilo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Na paneli juu ya paa inatikiswa kwa ubavu kila siku yenye upepo.

"Mbona tunaweka springi washa?" Ile washa ya duara iliyokatwa na kupinda kidogo iko karibu kila gereji. Mwongozo wa bolti na skrubu uliotolewa na NASA mwaka 1990 unasema wazi kwamba haisaidii kuzuia kulegea: bolti ikishakazwa vizuri, washa hiyo inakuwa imelala bapa na inabaki washa ya kawaida tu. Kinachosaidia ni mbano wa kutosha tangu mwanzo, pamoja na nati ya kujifunga, kama ile yenye pete ya nailoni ndani. Kwenye paa lenye joto na jua kali, nati ya kujifunga iliyotengenezwa yote kwa chuma ni bora zaidi.

Mbano wa kutosha ni kiasi gani? Kwenye karatasi ya vibanio utaona namba yenye alama Nm, mara nyingi kati ya 10 na 20. Tuseme ni 16. Ukiwa na spana ya sentimeta 20, hiyo ni sawa na kuvuta mwisho wa spana kwa nguvu ya kilo 8, kama kubeba ndoo ya lita 10 isiyojaa. Haihitaji misuli, inahitaji kipimo, na kipimo kinatoka kwa spana maalumu inayolia "tak" ukifika kwenye namba uliyoweka. Mkono peke yake hudanganya, na sababu ni ya kisayansi: kati ya nguvu unayoweka, takriban sehemu tisa kwa kumi huliwa na msuguano wa meno na wa kichwa cha bolti. Ni sehemu moja tu inayobaki kuivuta bolti. Uchafu kidogo au kutu kidogo kwenye meno, na ile sehemu moja inayeyuka huku mkono wako ukihisi "imekaza."

Kuzidisha nako kuna gharama. Drili ya umeme ikiachwa ikaze mpaka ijisimamishe yenyewe, inaweza kukunja fremu ya paneli au kuua meno ya reli. Na bolti za stenlesi zina tabia yao: zikizungushwa kwa kasi zikiwa kavu, meno yake huungana kwa msuguano na kugoma katikati, hazikazi wala hazifunguki. Tone la grisi maalumu na mkono wa taratibu vinamaliza tatizo hilo. Ukitumia grisi lakini, fuata namba iliyoandikwa kwa bolti yenye grisi, maana inateleza zaidi na inabana zaidi kwa nguvu ileile.

Kwa nini kibanio kimoja kiwe na maana kiasi hicho? Baada ya vimbunga Irma na Maria kupita visiwa vya Karibea mwezi Septemba 2017, wataalamu wa Rocky Mountain Institute ya Marekani walikagua mitambo ya sola iliyonusurika na iliyoharibika, wakatoa ripoti mwaka 2018. Mitambo waliyoilenga ilikuwa ya kujengwa ardhini, lakini vibanio vyake ni vilevile tunavyotumia mapaani. Walichokiona ni kwamba kibanio cha katikati hushika paneli mbili kwa pamoja. Paneli moja ikichomoka, kibanio kinabaki bila kitu upande mmoja, kinapinduka, na kinaiachia jirani. Jirani akitoka, wa tatu naye anafuata. Mstari mzima unakwenda kwa sababu ya bolti moja iliyolegea mwanzoni mwa mstari.

Bati linapumua, na maji hayasamehe

Ukishatoboa paa, umefungua mlango kwa maji. Kanuni ya kwanza ni kutoboa juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde, kwa sababu mvua hutiririka bondeni. Kanuni ya pili ni washa ya mpira. Mpira wa kawaida, mfano kipande cha tyubu ya baiskeli, huchanika kwa jua baada ya muda. Mpira unaoitwa EPDM umetengenezwa kustahimili jua na joto kwa miaka mingi, na ndio unaokuja na skrubu nzuri za bati. Ikazwe mpaka mpira ukae sawasawa ukingoni mwa washa ya chuma. Mpira uliotokeza nje kama mdomo umekandamizwa kupita kiasi, na utapasuka. Silikoni ni msaidizi tu, haiwezi kuwa badala ya washa.

Halafu kuna joto. Alumini hutanuka zaidi kuliko chuma. Reli ya alumini ya mita 6, joto lake likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, inarefuka kwa milimita 5.5. Bati la chuma la urefu huohuo linarefuka karibu nusu ya hapo. Tofauti ya milimita 2 na nusu inaonekana ndogo, lakini inajirudia kila siku, na kila siku inasukuma skrubu kulia na kushoto. Ndiyo maana reli ndefu hukatwa na kuachiwa pengo dogo kwenye maungio, na ndiyo maana haifai paneli moja ikae juu ya pengo hilo ikiwa imebanwa pande zote mbili.

Metali mbili zikinywa maji ya chumvi pamoja

Kama unaishi Tanga, Mtwara, Mombasa au Unguja, sehemu hii ni yako. Ukikutanisha metali mbili tofauti kisha ukaweka maji ya chumvi kati yake, umetengeneza betri. Metali moja inatoa elektroni na kuliwa, nyingine inasalimika. Kwa vifaa vya paani, mpangilio kuanzia ile inayoliwa haraka ni huu: zinki, alumini, chuma cha kawaida, shaba, kisha stenlesi.

Mpangilio pekee hautoshi, ukubwa nao una sauti. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye reli kubwa ya alumini haina shida sana, kwa sababu madhara yanasambaa kwenye eneo kubwa. Geuza hali hiyo, skrubu ndogo yenye zinki kwenye kipande kikubwa cha stenlesi, na skrubu inaliwa mbiombio, kwani inabeba madhara yote peke yake. Kwa hiyo kanuni ya fundi iwe hivi: kile kidogo kinachoshika ndicho kiwe cha metali ngumu kuliwa.

Shaba isikae juu ya bati. Waya wa ethi wa shaba ulioachwa wazi ukilala juu ya bati, maji yanayotiririka kutoka kwake hubeba chembe za shaba, na popote zinapotua zinki inaliwa. Utaona mstari wa kutu ukishuka kama machozi. Waya huo uvishwe plastiki na ufungwe kwenye reli kwa kiungo maalumu.

Na stenlesi si moja. Tazama kichwa cha bolti. Ukiona A2-70, ni stenlesi ya kawaida, inafaa Dodoma au Tabora. Ukiona A4-70 au A4-80, ina madini ya molibdeni, kama asilimia 2, yanayoisaidia kustahimili chumvi. Karibu na bahari chukua hiyo, la sivyo baada ya muda utaona bolti inageuka rangi ya chai ya rangi, na chini ya rangi hiyo kuna vishimo vidogo vinavyozama ndani. Namba 70 na 80 zinaeleza nguvu ya kuvutwa kabla ya kukatika. Ukiona 8.8, hiyo ni bolti ya chuma cha kawaida, ina nguvu ya kutosha ila inategemea koti lake la zinki. Ukiwa dukani na sumaku, jaribu: bolti ya chuma iliyopakwa zinki inaing'ang'ania sumaku kwa nguvu, ya stenlesi hii inaigusa kidogo au haiigusi kabisa.

Kabla hujamlipa fundi

Kuna tamaa moja ya kuepuka kwanza: kuinua paneli juu kwa stendi ili "ziangalie jua." Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua letu linapita karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo mwinuko wa kawaida wa paa lako, nyuzi 10 hadi 20, unatosha, na mvua inapata mteremko wa kuosha vumbi. Ukiinua paneli kwa stendi ndefu umeigeuza tanga la jahazi. Ilale sambamba na bati, ikiachiwa nafasi ya sentimeta 10 hivi ipitishe hewa ya kuipoza, na ikae mbali kidogo na kingo za paa.

Kisha muulize fundi maswali haya, kwa heshima, kabla kazi haijaanza:

Papi ziko wapi, na utajuaje kwamba kila skrubu imeipata? Jibu zuri linahusu kufuata mistari ya misumari ya bati iliyopo, au kuingia darini kupima. Jibu la "nazijua tu" halitoshi.

Miguu ni mingapi, na iko umbali gani kutoka mmoja hadi mwingine? Hesabu tumeshaifanya hapo juu, ilinganishe na paa lako.

Bolti za vibanio ni za aina gani, na utazikaza kwa spana gani? Kama hana spana ya kupimia, mwambie akodi.

Utarudi lini kuzikagua? Mpira na metali hukaa sawa baada ya majuma machache, na mbano hupungua kidogo. Ukaguzi mmoja baada ya miezi michache, kisha mmoja kila mwaka kabla ya masika, unakamata bolti iliyoanza kulegea ingali moja. Hakikisha mtambo umezimwa na mtu amefungwa kamba kabla hajapanda.

Fundi mzuri atafurahia maswali haya. Amekuwa akitamani mteja anayeyauliza, maana ndiye mteja atakayekubali kulipia miguu 14 badala ya sita.